Kuingia Kanada na hela ya kuonyesha: keshi, drafti au barua ya benki?

Mtoto_wa_Igoma
Wakuu habari za usiku. Karatasi zimetoka, mimi, wife na mtoto mmoja tunaingia Kanada mwezi ujao kuishi moja kwa moja kwa Express Entry, ule mfumo wao wa kuomba ukaazi, njia ya Federal Skilled Worker (wafanyakazi wenye ujuzi), tunapita Dar, Addis mpaka Toronto. Hela ya kuonyesha kwamba tutajimudu ipo, kwa jedwali la uhamiaji wao la 2025 familia ya watu watatu ilikuwa dola za Kanada 23,360 na sisi tumezidisha kidogo. Ishu ni namna ya kwenda nayo. Nawaza nibebe keshi ya dola za Marekani, au nikate drafti (hundi inayotolewa na benki yenyewe), au niiache kwenye akaunti niende na barua na stetimenti tu. Shemeji yangu anasema bila mzigo mkononi pale eapoti hawakuelewi. Mliopita mlifanyaje?

SangaraMkavu
Shemeji yako mwambie apumzike. Hela yote hiyo keshi ni kama kupita soko la samaki la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza na sangara mkononi, kila paka anakutazama wewe. Halafu kuna mambo ya forodha. Ukiingia Kanada na dola zao 10,000 au zaidi lazima useme, na hiyo sio noti tu, drafti na hundi nazo zinahesabiwa. Na huku kwetu ukitoka na dola za Marekani 10,000 na kuendelea unatakiwa utoe taarifa kabla hujapanda. Haijakatazwa na hawakukati kodi, ni kujaza fomu, ila ukinyamaza wakaikuta wana haki ya kuishikilia, sasa uko na mtoto mgongoni na mabegi, utaanza kubishana na nani.

Mama_Nyakato
Mwanangu hongereni sana. Mimi niliingia na barua ya benki. Dada wa imigresheni akaniuliza unakuja na shilingi ngapi, yaani kiasi gani, nikampa, akapitisha kidole mpaka kwenye mstari wa salio, akaangalia tarehe ya juu, akaandika kiasi kwenye karatasi zake akanirudishia. Keshi niliyokuwa nayo hata hakuiomba. Ila keshi kidogo beba, ya teksi, chakula na siku za mwanzo, maana kadi ya huku kwetu inaweza ikagoma kule usiku wa manane na benki imefunga.

Bwiru_Boy
Nije kwenye drafti uliyouliza. Drafti sio mbaya, mimi nilienda nayo na afisa aliikubali bila neno. Tatizo lilianza baada ya pale, benki ya kule ikaishika mpaka ithibitishe huku ilikotoka, wiki zinakatika na mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza, nikaishi kwa hela ya kukopa kwa jamaa. Kwa hiyo kama ni kuonyesha, sawa. Kama ni kuitumia haraka, hapana.

Mtoto_wa_Igoma
@Bwiru_Boy asante mkuu hilo sikuliwaza kabisa. Kwa hiyo kuonyesha ni jambo moja na kusafirisha ni jingine?

SangaraMkavu
Ndio hapo sasa. Kuonyesha ni barua. Kusafirisha ni TT, yaani kutuma benki kwa benki. Kuna benki za Kanada zinakubali mhamiaji mpya afungue akaunti akiwa bado nchini kwake, unatuma hela kwa SWIFT, mtandao wa mabenki wa kutumiana hela nje, halafu ukifika unaenda tawini na pasipoti na ile COPR, karatasi ya kuthibitisha ukaazi wako, wanakufungulia kila kitu. Ukituma hakikisha jina la akaunti ni lile lile la pasipoti, makato yote mwambie benki walipe kutoka kwako, sio yakatwe njiani, maana benki ya katikati nayo huwa inachukua chake. Na omba nakala ya ujumbe wa malipo wa SWIFT, ule uliokuwa unaitwa MT103, mzigo ukichelewa ndio unafuatilia nao. Usitume yote pia, ukituma yote huku unabaki na barua ya akaunti tupu. Au ukituma yote, basi stetimenti ya kule ndio uende nayo.

KamangaFeri
Naomba kuuliza na mimi nisianzishe uzi mwingine. Hela yangu nyingine iko M-Pesa, nyingine kikoba, na nina kiwanja Buswelu. Vinahesabika?

Mama_Nyakato
Kiwanja hapana, hata kiwe na hati. Hela ya mkopo pia hapana. Ya kikoba na ya kwenye simu hamishia benki mapema, maana wanataka barua ionyeshe salio la sasa na wastani wa miezi sita iliyopita, sasa ukitumbukiza yote wiki moja kabla ya kuomba, wastani unakusuta. Ukiuza kiwanja ambatanisha mkataba wa mauziano waone hela imetoka wapi.

Bwiru_Boy
Na barua yenyewe muwe wakali jamani. Mabenki yetu wana ile barua yao ya kukariri, fulani ni mteja wetu na akaunti yake inaendeshwa vizuri, mhuri, sahihi, basi. Haina hata figa moja. Hiyo rudisha hapo hapo dirishani. Iwe kwenye karatasi yenye nembo na anwani na simu ya benki, jina lako, namba ya kila akaunti, tarehe ilipofunguliwa, salio, ule wastani wa miezi sita, na madeni kama unayo. Tawi moja hapa mjini walinizungusha wakidai mfumo hautoi wastani, nikamwomba meneja achukue kikokotoo tukae na stetimenti, ikatoka mchana ule ule.

Mwanza_Mpaka_Ulaya
Akaunti ya mke je? Mimi hela iko kwake.

SangaraMkavu
Kama mnaenda wote na akaunti ni ya pamoja, haina shida. Ikiwa ya jina lake peke yake inabidi uonyeshe unaweza kuifikia. Na hata mke au mtoto asipokuja lazima ahesabike kwenye idadi ya familia, wengi wanapigwa hapo. Wale wa Canadian Experience Class, wanaoomba kwa uzoefu wa kazi walioupata Kanada, hawadaiwi hii hela, huo ni mjadala mwingine.

Halafu msiache salio likae juu ya mstari kabisa, barua ni ya shilingi na wao wanapiga hesabu kwa dola zao, rate ikicheza kidogo tu mmepungukiwa.

Mtoto_wa_Igoma
Nimewapata. Kesho naenda benki pale Kenyatta Road kuwaomba barua mpya, nusu naituma TT, mkononi nabeba ya kula tu. Shemeji nitamwambia mwenyewe.

Mama_Nyakato
Barua watoe nakala mbili na zote ziwe begi la mkononi, sio lile la chini. Na mtoto mtafutie koti hapo hapo Makoroboi, mitumba ya baridi ipo ya kutosha.