Mahabusu wapimwe kifua kikuu kabla ya kuingia selo?

Mtoto wa Keko: Wadau, kila mahabusu apimwe makohozi siku anayofika, kabla hajachanganywa na wenzake. Ugonjwa wenyewe unaenea kwa hewa, na kule watu wanalala wamebanana ubavu kwa ubavu. Mnasemaje?

Baba Tausi: Huku Buza raia wema tunawahi foleni ya zahanati alfajiri, halafu wahalifu wapimwe bila foleni? Wangetulia makwao wasingeugua.

Dada wa Tandika: Baba Tausi, mdogo wangu alisota mahabusu kwa kesi iliyokuja kufutwa. Aliingia mzima, katoka anakohoa, shati linamning'inia mabegani. Mhalifu hapo ni nani? Futa kauli.

Baba Tausi: Pole, dada yangu, sikumtaja mdogo wako. Lakini polisi hawakamati watu hovyo.

Mchana Kisutu: Hawakamati hovyo? Soma Katiba, ibara ya 13(6)(b): mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Ukibambikwa utakatishaji fedha, dhamana huna, upelelezi kila siku "haujakamilika".

Nesi wa Zamu: Jamani, kifua kikuu. Si kila mtu ana makohozi ya kutoa. Unaanza na maswali: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Akiwa na dalili mojawapo, ndipo sampuli iende maabara. Dawa zenyewe ni bure, kwa kawaida miezi sita. Kinachoniuma mimi ni anayeachiwa akiwa mwezi wa tatu wa dawa: anatoka mahakamani anadandia daladala, kadi yake ya kliniki imebaki gerezani, hakuna aliyemwambia dawa akachukulie wapi. Akikatisha, vimelea vinaweza kuwa sugu, na huo usugu anawaambukiza wa nyumbani.

Baba Tausi: Bure wapi! Mke wangu alilipishwa picha ya kifua.

Nesi wa Zamu: Nimesema dawa, kaka.

Dada wa Tandika: Na kauli bado hajaifuta.

Mama Kota: Mume wangu ni askari magereza. Usiku anahesabu watu selo, asubuhi anambeba mwanetu hata sare hajavua. Mnaosema wafungwa shauri yao, sisi mnatuweka wapi?

Mchana Kisutu: Ndiyo maana nasema dhamana kwanza, vipimo baadaye. Punguzeni watu mle ndani. Tarehe 9 Desemba 2019 Magufuli alisamehe wafungwa 5,533, watu wakashangilia, lakini msamaha wa rais haumgusi mahabusu. Hajahukumiwa, asamehewe nini?

Mtoto wa Keko: Hapana, mkuu, vipimo haviwezi kungoja sheria ibadilishwe. Leo jioni karandinga litashusha wengine.

Baba Tausi: Dhamana, dhamana! Aliyeniibia pikipiki alipata dhamana kesho yake, nikakutana naye kituoni Tandika ananipungia mkono. Hilo nalo mnijibu.

Dada wa Tandika: Nitakujibu ukishafuta kauli.