Mjadala: Pesa za utafiti wa mifugo ziende kwa kupe au kwa soko la Uarabuni?

Mfugaji wa Kisauni

Naanzisha mimi, mawe nitayapokea. Serikali ilipotangaza mwishoni mwa 2024 kwamba itachanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, watu walibishana juu ya kilichomo chupani. Swali langu ni jingine. Mbona yakachaguliwa ugonjwa wa miguu na midomo na sotoka ya mbuzi, ilhali kinachotumaliza huku ni ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe?

Mwaka jana nilizika mtamba wa gredi. Jumatatu mwili unawaka, tezi ya chini ya sikio imevimba kama embe bichi. Muuza dawa akanipa sindano. Ijumaa povu puani, kwisha. Na mnyama hakuwahi kutoka bandani! Kupe alikuja na majani niliyonunua barabarani. Wazungu waliuita ugonjwa huu homa ya Pwani ya Mashariki, kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20 ulifika kusini mwa Afrika na ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani hii yetu. Jina letu, msiba wetu, lakini foleni tuko nyuma.

Kinachoniuma ni kwamba chanjo ipo. Ilibuniwa Muguga, hapa hapa Kenya, miaka ya 1970. Lakini ni vimelea hai, vinakaa kwenye mtungi wa naitrojeni, na dozi huja kwa fungu, zikishayeyushwa hazingoji. Mwenye ng'ombe 200 ataimaliza siku moja. Mimi mwenye wawili nigonge milango mingapi? Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani 2011, na moja ya siri zake ilikuwa chanjo iliyovumilia joto, ikabebwa porini bila friji. Utafiti unitafutie hiyo.

Msafirishaji wa Kilindini

Yakhe, unalilia ng'ombe wawili. Mwaka 2000 homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Saudi Arabia na Yemen, mifugo ya Pembe ya Afrika ilifungiwa mlango, na kwa wengine kufuli lilikaa miaka. Hapo anayeumia si mimi pekee. Ni mchungaji wa Garissa mwenye mbuzi wasio na mnunuzi. Ndigana haifungi bandari. Mteja wangu haulizi kupe, anauliza cheti cha afya ya mnyama.

Mfugaji wa Kisauni

Cheti unakula wewe.

Daktari wa mashinani, Likoni

Ngojeni. Msafirishaji, usiifanye homa ya Bonde la Ufa kuwa ugonjwa wa wateja. Ilitambuliwa kwanza karibu na Ziwa Naivasha mwaka 1931. Mayai ya mbu wanaoibeba hulala kwenye udongo mkavu hata miaka, yakingoja mafuriko. Mvua za 2006 na 2007 zilipokuja, zaidi ya Wakenya 150 walikufa, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliochinja na kushika wanyama wagonjwa. Hiyo nayo ni ya kwetu.

Lakini kwa Mfugaji nina swali. Ile sindano ya muuza dawa ilikuwa ya nini? Kama ni oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, nacheka kwa uchungu. Dawa hiyo hiyo huchomwa pamoja na chanjo ya Muguga, siku ile ile, ili vimelea visizidi nguvu. Homa ikishapanda haiponyi ndigana. Dawa ya kuponya ni nyingine, ghali, na inataka kuwahiwa. Kwa hiyo mimi pesa za kwanza ningezipeleka kwenye kipimo cha haraka cha kutumiwa bandani. Sasa hivi nikituma damu maabara, jibu linanikuta ng'ombe ameshafukiwa. Tunachoma sindano gizani, halafu tunabishana kuhusu chanjo.

Msafirishaji wa Kilindini

Kipimo nakiunga mkono, bora kifike na bandarini.

Mama Maziwa, Majengo

Mimi sijui vimelea. Nanunua maziwa nyumba kumi, nayalaza, nauza. Kuna siku yaligoma kuganda kabisa, ndoo nzima, yamekaa tu kama maji ya mchele. Mteja mmoja akaniambia nimetia kitu. Daktari, yawezekana ni hizo sindano?

Daktari wa mashinani, Likoni

Yawezekana sana. Dawa ikibaki ndani ya maziwa huua bakteria wanaoyagandisha. Ndiyo maana kuna siku za kungoja kabla ya kuuza. Na anayekunywa chai kila asubuhi hana ndoo ya kumwonyesha kuna nini.

Mfugaji wa Kisauni

Acha niseme. Mtamba alipoanza kuumwa niliingiwa na hofu, nikamchoma na mamake, ambaye alikuwa anakamwa. Chupa sikupewa karatasi yake. Hakuna aliyeniambia habari ya kungoja, na mimi sikuuliza. Maziwa nilikama jioni ile ile.

Mama Maziwa, Majengo

Ukamuuzia nani?