Mrejesho: Rafu za waya kwenye kabati la ukutani
Ndugu zangu, miezi miwili iliyopita niliomba ushauri iwapo nifunge rafu za waya au za mbao katika kabati la ukutani nyumbani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, baada ya rafu za MDF (mbao za unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) kuvimba kwa unyevu wa msimu wa mvua na mashati kuota ukungu. Wengi mlinishauri waya, na ndizo nilizofunga.

Hewa sasa inapita juu na chini ya nguo, na harufu ya uvundo imekwisha. Kilichonitesa ni ukuta, kwa kuwa tofali zetu za kuchoma ni laini: plagi fupi (vile vijiti vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani) alizoweka fundi siku ya kwanza zilichomoka na unga mwekundu wa tofali, rafu ikalala upande mmoja, na vitenge vya mama watoto vikamwagika sakafuni. Tulitoboa upya, tukatumia plagi ndefu zinazoingia ndani ya tofali badala ya kuishia kwenye plasta, na tukaweka vishikizo kila baada ya sentimita 40 badala ya 80.

Kwa aliyeuliza kama waya huacha alama kwenye nguo, ni kweli sweta huchorwa mistari na soksi hudondoka matunduni, hivyo nimetandika plaiwudi nyembamba kwenye rafu moja tu. Ncha za waya zilizokatwa kwa msumeno tulizipaka rangi ya mafuta, kwani plastiki inayofunika waya ikishakatika kutu huanzia hapo. Rafu ya viatu bado sijaifunga.