Wakwe wanataka kumpeleka binti yangu wa miaka 6 Uluru kwa gari, naombeni ushauri

MamaNuru_Tanga
Habari zenu wapendwa. Naandika kutoka Adelaide, Australia ya Kusini, nilikoolewa. Binti yetu ana miaka 6, anatimiza 7 mwezi wa nane. Wakwe zangu wamestaafu, wana Land Cruiser na karavani, na likizo ya Julai wanataka kumchukua mjukuu wao waende naye Uluru, ule mwamba mwekundu ulio katikati ya nchi. Watakuwa watatu tu: babu, bibi na mtoto. Mimi na mume wangu tutakuwa kazini.

Kwenda peke yake ni kama kilomita 1,600. Wanapita Port Augusta, Coober Pedy, mpaka njiapanda ya Erldunda, kisha wanakata kushoto. Kurudi, babu anataka kushika njia ya Oodnadatta, ya vumbi, inayofuata reli ya zamani ya Ghan, amwonyeshe mjukuu madaraja na stesheni zilizobaki mahame. Baba yake alimpitisha huko akiwa mdogo na anaizungumzia kwa mapenzi makubwa.

Mume wangu haoni tatizo. Anasema, "Mbona wewe ulikuwa unapelekwa Lushoto kwa bibi yako?" Ni kweli, na zile likizo zimenilea. Lakini basi likiharibika Mombo au kwenye kona za Soni, hujashuka vizuri watu wameshafika. Huyu anauza ndizi, yule anamuuliza konda kulikoni, na hakosi mama wa kumpa mtoto maji bila kuuliza ni wa nani. Huku kuna vipande vya kilomita 250 bila sheli wala netiweki. Na mkwe wangu ana miaka 71, ana kisukari, anajidunga insulini.

Sitaki kumnyima mtoto babu yake. Wala sitaki kumwekea mkwe masharti aone simwamini. Nimruhusu? Na nikiruhusu, niseme nini, na nani aseme?

Mzigo_Mrefu
Dada, hiyo barabara ndiyo inayonilisha, napeleka mizigo Adelaide hadi Darwin. Hapo una safari mbili tofauti, usizichanganye.

Stuart Highway, hiyo barabara kuu watakayokwenda nayo, ni lami tupu tangu 1987, Port Augusta mpaka Darwin. Familia zenye watoto wadogo kuliko wako nazikuta kila Julai, na huo ndio msimu wenyewe, jua halijawa kali. Kipande unachokiogopa ni Glendambo hadi Coober Pedy. Wajaze tanki kila penye pampu hata kama mshale uko nusu, maana Land Cruiser ikivuta karavani inakunywa mafuta sana, hasa upepo ukiwa wa mbele.

Hatari kubwa ni saa za kutembea. Kangaruu na emu wanatoka alfajiri na magharibi, na mashamba mengi hayana uzio, kwa hiyo usiku unakutana na ng'ombe katikati ya lami. Gari lisiondoke kabla ya saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni liwe limeshaegeshwa. Siku ya kwanza walale Port Augusta, ya pili Coober Pedy, kilomita 540 hivi. Wasijaribu kuunganisha.

Halafu sisi wa malori. Tunavuta tela tatu, urefu unafika mita 53.5. Mzee awe na redio ya UHF, chaneli 40, akitaka kupita atuulize. Tunaona mbele kuliko yeye, tutamwambia apite au asubiri. Tukimpita sisi, apunguze mwendo kidogo na abaki kwenye mstari wake, asiteremshe tairi kwenye changarawe. Akivuka kuingia Northern Territory, eneo ilipo Uluru, ataona kibao cha mwendo wa 130. Mwenye karavani asikifuate kibao hicho, abaki na 90 yake.

Oodnadatta ni habari nyingine. Marree hadi Marla ni kilomita 620 hivi za vumbi, mawe makali na rasta. Mvua ikinyesha inafungwa, na ukiingia ikiwa imefungwa unapigwa faini. Unaweza kukwama William Creek siku kadhaa ukisubiri ikauke. Wazee wakiwa wawili peke yao, waende kwa raha zao. Wakiwa na mtoto wa miaka 6, insulini na karavani, mimi nasema hapana.

Kariakoo_Asilia
Mimi nasema asiende kabisa. Mzee akizidiwa kule, na bibi akachanganyikiwa, mtoto atafanya nini? Angoje akue.

Nesi_wa_Alice
@Kariakoo_Asilia swali lako ni la maana sana na lina jibu, kwa hivyo acha nilijibu. Mimi ni Mkenya, nesi hapa Alice Springs.

Mzee kwanza. Mtu anayetumia insulini anaruhusiwa kuendesha, lakini apime sukari kabla ya kuwasha gari na kila baada ya saa mbili. Ikiwa chini ya 5 mmol/L haendeshi. Anakula, anangoja, anapima tena. Mtoto naye ajue juisi ya babu inakaa wapi na kwamba hiyo hainywi yeye. Insulini isiachwe kwenye dashibodi mchana, na usiku isilale garini, kwa sababu Julai huku baridi hushuka hadi sifuri na chini yake, na insulini ikishaganda ni ya kutupa. Na bibi awe dereva kamili. Aendeshe gari likiwa na karavani nyuma, afanye mazoezi kabla hawajaondoka, si kushikishwa usukani mara ya kwanza siku ya taabu.

Kisha wanunue kile kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti. Kinaingia mfukoni. Unakunjua antena, unabonyeza kitufe, waokoaji wanajua mko wapi hata pasipo netiweki. Kukisajili ni bure. Mtoto wa miaka 6 anaweza kabisa kufundishwa. Mfundishe kwa kuigiza, bila kubonyeza: kinakaa mfuko gani, antena inatoka vipi, kitufe ni kipi. Rudieni hadi akuonyeshe yeye. Na akishabonyeza, anakaa na gari. Mama Nuru, hili ndilo ninalokusihi kuliko yote. Gari huonekana kutoka angani, mtu anayetembea haonekani, na watu wamekufa huku kwa kuacha gari na kufuata msaada kwa miguu. Ndiyo maana maji yawe mengi garini, angalau lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku kadhaa.

Andikeni barua ya kuwaruhusu wazee kumpeleka hospitali, pamoja na nakala ya kadi yake ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali, uzito wake na aleji zake. Angalieni pia bima ya ambulensi, Medicare hailipi hiyo. Dharura za huku hufuatwa na ndege za Royal Flying Doctor Service, ambayo ilianza 1928 na ina vituo Port Augusta na hapa Alice. Kwa hivyo si kwamba hakuna watu, dada. Watu wapo, ila lazima uwe na njia ya kuwaita.

Na kwa vile hajafika miaka 7, sheria inamtaka akae kwenye kiti cha mtoto kilichoidhinishwa, siti ya nyuma. Kifungwe kwenye gari la wazee kabla ya siku ya safari.

BibiWaPangani
Mwanangu, hao wameshasema ya gari na dawa. Mie niseme la mkwe.

Usiseme wewe. Mtume mumeo. Mtoto akimwambia baba yake, "Baba, mimi na mwenzangu tumekaa tukaona hivi," hayo ni mazungumzo ya nyumbani. Mke wa mtoto akiyasema, hata ayapambe vipi, yatasikika kuwa shaka. Desturi za huko sizijui, lakini mzee ni mzee popote.

Na mumeo asianze na masharti. Aanze na shukrani, kwamba mtoto ana babu na bibi wenye afya na nia ya kumbeba hadi huko. Kisha ile njia ya vumbi asimwombe aiache, amwombe aiweke. "Akiwa mkubwa kidogo utampitisha wewe mwenyewe, na sisi tutakuja nyuma yenu." Mzee huyo anataka njia aliyoonyeshwa na baba yake imfikie mjukuu. Muahidini hilo kweli, na mlitimize.

Nami nakuomba umruhusu. Umri huu wetu, likizo moja na mjukuu si jambo dogo, hatujui zimebaki ngapi.

Mtoto_wa_Uvira
Jambo mama Nuru, na mimi niko Adelaide. Tulienda na watoto wetu, nakuambia ya mtoto tu.

Coober Pedy ataipenda mno. Watu wanaishi chini ya ardhi, hata makanisa yamechongwa humo. Opali yake, yale mawe ya vito, iligunduliwa 1915 na kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, aliyefuatana na baba yake katika kundi la watafuta dhahabu. Wetu waliposikia hivyo walitaka kuchimba palepale. Lakini nje ya mji kuna mashimo ya migodi mengi yasiyofunikwa, na vibao vinakukataza hata kurudi kinyumenyume ukipiga picha. Pale ashikwe mkono muda wote. Waambie wazee kwa maneno hayohayo.

Uluru usiogope habari ya kupanda, ilipigwa marufuku 26 Oktoba 2019 kwa heshima ya Waanangu, wenye mwamba. Kuuzunguka ni kama kilomita 10, nyingi kwa miguu yake, lakini kuna njia ya Kuniya kwenda bwawa la Mutitjulu, kilomita moja kwenda na kurudi. Watoto hawalipi kiingilio. Akikuta kibao cha kukataza picha, aelezwe kwamba pale pana hadithi ambazo wenyewe hawazitoi kwa kila mtu. Watoto wanalielewa hilo upesi kuliko sisi.

Jambo moja zaidi kwa vile wewe ni wa pwani: kabla ya ile reli ya babu, mizigo ya jangwani ilibebwa na ngamia, na wenye ngamia walikuwa Waislamu kutoka Afghanistan na India ya wakati ule. Msikiti wao upo hapohapo Adelaide mjini, ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1880. Mpeleke pamoja na babu yake kabla ya safari.

MamaNuru_Tanga
Nawashukuru mno. Bibi wa Pangani, nimefuata neno kwa neno. Mume wangu alikwenda kwa wazazi wake peke yake. Mzee amekubali lami kwenda na kurudi, na ahadi ya Oodnadatta ameiandika kwenye kalenda ya jikoni kwake, mwaka mtoto atakapotimiza 12. Mama mkwe amenipigia mwenyewe kusema suala la kutembea usiku lilikuwa linamkosesha raha siku nyingi, amefurahi limesemwa. Kifaa tunakinunua sisi. Jumamosi anaanza mazoezi na karavani, na msikitini tunakwenda wote.

Swali la mwisho: tumekubaliana wapige simu kila wanapolala. Siku ya Coober Pedy kwenda Erldunda, nikae kimya hadi saa ngapi kabla sijaanza kuhangaika?

Mzigo_Mrefu
Hicho ni kipande cha kilomita 490 hivi. Wakiondoka saa mbili, wakipumzika Marla wakala na kujaza mafuta, saa kumi wawe wameshafika. Wape nafasi ya pancha moja. Saa moja usiku usiposikia kitu, piga simu Erldunda penyewe uulize kama karavani imeingia, halafu Marla uulize walipita saa ngapi. Namba hizo zote mbili ziandike leo. Ikiwa Marla walipita na Erldunda hawajafika, piga polisi usiku huohuo, usingoje asubuhi.