Naomba ushauri: utunzaji wa vanilini ya maabara

Ndugu wataalamu, ninafanya utafiti wa maganda ya vanila kutoka Mukono na Bundibugyo, na katika maabara yetu hapa Kampala ninatumia vanilini safi (kemikali inayoipa vanila harufu yake) kama kipimo linganishi. Shida yangu ni kwamba vanilini, kwa kuwa ni aldehidi (aina ya kemikali inayoungana na oksijeni kwa urahisi), hugeuka polepole kuwa asidi ya vaniliki inapokutana na hewa yenye unyevu, na mwanga nao huiharibu. Sasa fuwele nyeupe za chupa yetu zimeanza kushikana mabonge na kuwa na umanjano hafifu karibu na mdomo. Je, inatosha kupima upya kiwango cha myeyuko, ambacho kwa iliyo safi ni nyuzi 81 hadi 83 za Selsiasi, au niagize nyingine? Binafsi siuamini umanjano huo.

Aidha, mnaoihifadhi kwenye friji, huiacha chupa kwa muda gani ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, ili unyevu usiingie? Glavu na miwani ninavaa, maana vumbi lake huwasha macho. Mmumunyo wake wa ethanoli ninauweka kwenye chupa ya kahawia. Naomba kujua huwa mnautengeneza upya baada ya muda gani.