Mrejesho: Maharagwe yangu yamekubali jua la Njoro

Ndugu zangu, hamjambo? Mtakumbuka niliuliza mbona miche yangu ya maharagwe ya kutambaa, niliyoiotesha ndani ya kivungulio (greenhouse) hapa Njoro, ilibabuka majani na kuwa meupe kama karatasi siku mbili tu baada ya kuipeleka shambani. Mlinijibu kwamba sikuizoesha jua wala upepo. Ni kweli kabisa.

Hiyo ya kwanza iliyobabuka vibaya ilikufa. Nilipanda mbegu upya, safari hii kwenye vikopo vya magazeti, kwa sababu mizizi ya maharagwe haipendi kusumbuliwa. Ilipotoa majani mawili ya kweli, yale yanayofuata vijani vya mbegu, nikaanza kuitoa nje: siku ya kwanza kwa muda wa saa moja chini ya mparachichi, kesho yake saa mbili, hivyo hivyo hadi siku ya nane ikashinda juani. Maji nilipunguza kidogo, ila sikuiacha inyauke. Usiku niliirudisha ndani, maana baridi ya huku si mchezo, na maharagwe hayaiwezi.

Nilipanda jioni, kukiwa na mawingu, nikazika kikopo chote pamoja na udongo wake, nikamwagilia papo hapo. Leo ni wiki ya tatu. Kati ya miche 40, ni 3 tu iliyokatwa shina na viwavi. Mingine imeshaanza kupanda fito!

Mama uliyenishauri nisubiri mawingu, asante sana. Nimefurahi mno.