Kwa nini ng'ombe wa Kiingereza hubadili jina akifika mezani?

Mwalimu wa Kidato cha Kwanza:
Wanajukwaa, salaam. Juzi mwanafunzi wangu aliniuliza kwa nini Waingereza humwita ng'ombe "cow" angali hai, kisha nyama yake wakaiita "beef", ilhali sisi husema nyama ya ng'ombe na mambo yakaisha. Nilimjibu kwamba ndivyo lugha yao ilivyo, jibu ambalo halikumridhisha yeye wala mimi mwenyewe. Je, ipo sababu?

Msomaji wa Historia:
Sababu ipo, Mwalimu. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, alivuka bahari na kuwashinda Waingereza katika vita vya Hastings, na kwa karne kadhaa baada ya hapo wakuu wa Uingereza wakawa wanazungumza Kifaransa. Mfugaji wa Kiingereza aliendelea kutumia majina ya kwao, yaani "cow", "sheep" na "pig", lakini nyama iliyopakuliwa mezani kwa bwana ilitajwa kwa Kifaransa. Ndiyo maana "beef", "mutton" na "pork" yanafanana mno na "boeuf", "mouton" na "porc". Samaki alinusurika, akabaki "fish" majini na sahanini.

Mkalimani:
Ndugu Msomaji, asili ya maneno umeieleza sawasawa, ila kisa cha mfugaji na bwana wake kina chumvi kidogo, na kilienea hasa kupitia *Ivanhoe*, riwaya ya Walter Scott iliyotoka mwishoni mwa 1819, zaidi ya karne saba baada ya vita hivyo. Kwa muda mrefu maneno hayo ya Kifaransa yaliweza kumtaja mnyama mwenyewe pia, na hadi leo kamusi zina "beeves", wingi wa kizamani wa "beef", kwa maana ya ng'ombe. Mgawanyo tunaoufundisha ulijijenga polepole.

Mwanafunzi huyo ataburudika zaidi na "deer", ambalo leo ni paa wa Ulaya, lakini zamani lilimaanisha mnyama yeyote, kama "Tier" la Kijerumani linavyomaanisha hadi sasa.

Mwalimu wa Kidato cha Kwanza:
Nawashukuru nyote. Sasa nimetambua kwamba hata sisi "nyama" na "mnyama" ni shina moja, tena kiambishi kimoja tu ndicho kinachomtenga aliye zizini na kilichomo chunguni. Kesho nitaanzia hapo.